Kuitunga Mvua ya Mayoni kwa Ajili ya Redio

Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, msimu wa kumbikumbi unapofika, watu huketi kando ya kichuguu na kugonga vijiti. Kichuguu kimefunikwa kwa majani au blanketi kuukuu lililotandazwa juu ya fito, na upenyo mmoja umeachwa ili wadudu watokee hapo na kutumbukia katika shimo la kuwategea. Kijiti kinagongwa juu ya gogo, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, bila kupumzika, kama matone yanayozidi. Kumbikumbi, ambao Waluhya wengi huwaita tsiswa, huanza kujitokeza kana kwamba ardhi imelowa.

Anayetaka kutunga sanaa ya redio kutokana na sauti za mazingira hana mwalimu bora wa kuanza naye kuliko wagongaji hao. Wameisikiliza mvua mpaka wakajua ni kitu gani ndani yake kinachotambulika. Wamekiiga hicho peke yake, mengine wakayaacha. Na wanajua kwamba mdundo ukikatizwa kabla ya wakati, kazi yote imeharibika.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Mayoni, au wa mahali panapofanana na Mayoni, ambaye angependa kutengeneza kipande cha redio cha dakika kumi kisicho na mtangazaji, kisicho na muziki wa kukodi, chenye sauti za mahali pake tu. Mayoni ni soko na wadi ya Matungu, Kaunti ya Kakamega, kwenye njia ya Mumias kuelekea Bungoma. Ni nchi ya miwa. Hapa mfano utakuwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mvua. Kakamega ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayopata mvua nyingi zaidi, na sehemu kubwa yake hunyesha alasiri na jioni, hewa yenye unyevu wa Ziwa Viktoria inapokutana na joto la mchana na kupanda. Malighafi, basi, haikosekani. Lakini ipo sababu nyingine ya kuchagua mvua: hakuna sauti inayoharibika upesi kama hiyo inapoingia redioni. Anayeiweza mvua ataviweza vingi.

Kazi ya aina hii ina historia, na Afrika imo mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1944 jijini Cairo, Halim El-Dabh, kijana wa Misri mwenye umri wa miaka 23, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kunasa zaar, ngoma ya uponyaji inayoimbwa na wanawake. Aliporudi studioni hakuicheza kama alivyoinasa. Aliipitisha katika chumba cha mwangwi, akaondoa sauti za msingi, akabakiza sauti nyembamba za juu zilizokuwa zikivuma nyuma yake. Miaka minne baadaye, tarehe 5 Oktoba 1948, redio ya Ufaransa ilirusha vipande vya Pierre Schaeffer, kimoja kikiwa kimetungwa kwa sauti za garimoshi zilizonaswa katika stesheni ya Batignolles jijini Paris. Vitabu vingi huanzia kwa Schaeffer. El-Dabh alikuwa ametangulia.

Karibu zaidi na nyumbani, Mwingereza Chris Watson alikaa Masai Mara siku moja ya Oktoba mwaka 2002 akinasa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni. Saa hizo kumi na nne alizikunja zikawa dakika 18, kipande cha kwanza cha albamu yake Weather Report ya mwaka 2003. Na kutoka Nairobi ipo kazi ya KMRU, jina la kisanii la Joseph Kamaru, mjukuu wa mwimbaji Joseph Kamaru aliyevuma kwa nyimbo za Kikuyu. Yeye huchanganya sauti za mitaa na mitambo ya kielektroniki. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Wasikilize hao wawili kabla ya kugusa kinasa sauti chako, hasa Watson, kwa swali moja tu: dakika 18 zimetoka wapi, na saa kumi na tatu na zaidi zilizoachwa zilikuwa na nini?

Wiki ya kwanza usinase chochote. Keti mahali pamoja kwa robo saa, asubuhi, mchana na usiku, uandike unachosikia na kinakotoka. Mayoni ya alfajiri ina kwarara wanaopita juu wakipiga kelele, jogoo, pikipiki ya kwanza barabarani. Mchana kuna kinu cha kusaga mahindi, matrekta yenye trela za miwa, upepo. Upepo wa Mayoni si upepo mtupu, maana unapita katika majani ya miwa, makavu na mabichi, nayo hayalii sawa. Muwa mchanga hunong’ona. Uliokaribia kukatwa hukwaruza. Mkulima anaweza kujua umri wa shamba akiwa amefumba macho, na ujuzi huo ndio utakaokitofautisha kipande chako na cha mtu aliyepita tu na gari. Uandike.

Vifaa visimzuie mtu. Kinasa sauti kidogo cha mkononi kama Zoom H1n kinatosha, na simu nzuri inatosha kuanzia, mradi utafute programu inayokuruhusu kuzima usafishaji wa kelele. Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo. Ikisikia mvua hudhani ni uchafu, nayo huifuta. Nasa kwa faili za WAV, kilohezi 48 na biti 24; dakika moja ya stereo hula takriban megabaiti 17, saa moja kama gigabaiti moja, kwa hiyo beba kadi yenye nafasi. Weka kiwango cha sauti chini kuliko unavyotamani, kilele kikiwa karibu desibeli 12 chini ya mwisho, kwa kuwa radi haitoi taarifa. Simu iwe katika hali ya ndege. Juu ya maikrofoni vika kipande cha blanketi chenye manyoya au sponji, kwani upepo ukiipiga maikrofoni moja kwa moja hutoa ngurumo isiyorekebishika. Ukishabonyeza, usisogee. Kelele katika minaso mingi ni za nguo za mnasaji mwenyewe: koti la nailoni limeharibu kazi nyingi nzuri. Mwishoni taja tarehe, saa na mahali kwa sauti yako, halafu ndipo uzime.

Sasa mvua yenyewe. Makosa ya wengi huanzia hapa: wanasimama barazani, wananasa mvua kubwa ikipiga mabati, wanafurahi, na siku ya pili wanapoisikiliza kwenye redio ndogo hawasikii mvua. Wanasikia mkwaruzo wa stesheni iliyopotea. Si kosa la kifaa. Mvua kubwa juu ya mabati ni maelfu ya vishindo kwa wakati mmoja, vimejaa kila mahali kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, na hivyo ndivyo pia ulivyo mkwaruzo wa redio kati ya stesheni na stesheni. Sikio haliwezi kuvitenganisha bila kusaidiwa.

Msaada ni tone. Tafuta mahali bati linapovuja, weka sufuria chini, na unase tone hilo moja kwa ukaribu wa shubiri. Nasa maji ya gata yanavyoangukia tangini: tangi tupu huvuma, lililojaa hutapika. Nasa mvua kwenye jani la mgomba, kwenye turubai la soko, kwenye kiti cha pikipiki. Kila mahali mvua inapoangukia ni sauti nyingine, na msikilizaji akishapewa tone moja analolijua, akili yake itaijaza mvua yote iliyobaki. Wagongaji wa kumbikumbi walikwisha kuligundua jambo hilo: hawaigi mvua nzima, wanaiga matone.

Halafu zipo mvua zisizo mvua. Mafuta yanayokaanga mandazi kibandani, maikrofoni ikiwa mbali kidogo, ni mvua ya mabati kabisa. Mahindi yanayomiminwa katika debe ni mvua ya mawe. Majani makavu ya miwa yakisuguana ni manyunyu. Watengenezaji wa michezo ya redio wamewadanganya wasikilizaji kwa hila kama hizi kwa miongo mingi, na hakuna aliyelalamika. Katika sanaa hii hila haifichwi. Unaweza kuanza na mvua, ukaacha msikilizaji atulie ndani yake, kisha ukasogeza maikrofoni taratibu mpaka asikie kijiko, mteja akiagiza chai, karatasi ikifunga mandazi. Mvua imegeuka kuwa kibanda bila kitu chochote kukatwa. Dakika kumi zinaweza kusimama juu ya mgeuko wa namna hiyo mara tatu au nne.

Kuna mvua moja ambayo ni ya redio peke yake, nayo hupuuzwa sana. Chukua redio ya zamani yenye mawimbi ya kati, yaani AM, iweke mahali pasipo stesheni, halafu ngoja wingu lijijenge upande wa ziwa. Kila mmweko wa radi hutoa mawimbi ya sumakuumeme, na redio huyanasa kama mchakacho mfupi mkali, hata radi ikiwa mbali kiasi cha ngurumo yake kutosikika. Redio imeisikia mvua kabla ya paa. Wazee waliokulia kwenye Sauti ya Kenya wanaukumbuka mchakacho huo uliokuwa ukikatiza taarifa ya habari. Nasa redio hiyo ikiwa mezani, dirisha likiwa wazi, wewe ukiwa ndani. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kila sekunde tatu kati ya mchakacho na ngurumo ni kama kilomita moja. Mchakacho, halafu sekunde kumi na tano, ngurumo. Mchakacho, sekunde tisa. Mchakacho, sekunde nne. Msikilizaji asiyeona chochote amepewa mmweko kwa njia ya sikio, na anasikia mvua ikimkaribia. Hakuna mtangazaji anayeweza kusema hivyo kwa maneno.

Kukiwa na radi, kazi ifanyike ndani. Kakamega hupigwa na radi mno, na hakuna sauti inayostahili mtu kusimama shambani na kifimbo cha chuma cha maikrofoni. Acha kinasa sauti chini ya upenu kikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, kiendelee chenyewe, ukichukue wingu likishapita.

Watu wataingia katika unasaji wako, utake usitake. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mama wa mandazi aombwe ruhusa, aelezwe sauti inakwenda wapi, na aruhusiwe kukataa baada ya kusikiliza. Wimbo unaotoka kwenye spika ya matatu una mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki, hata kama ulipita sekunde ishirini tu. Ugongaji wa kumbikumbi na ngoma za jamii una ulinzi wake pia: sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka jamii yenyewe iridhie. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, isichukuliwe kwenye mazishi ya watu na kugeuzwa kiungo cha kipande cha mtu. Nenda kwa wagongaji kwanza bila kinasa sauti. Keti, gonga nao, kula nao. Rudi siku ya pili na kifaa, na kipande kikitoka watajwe kwa namna wanayotaka wao.

Kuhariri si lazima kugharimu fedha. Audacity hupatikana bure na hufanya yote yanayohitajika: kukata, kupandanisha, kufifiza. Sikiliza unasaji wote kwa hedifoni na uandike dakika ya kila kitu kizuri. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo kazi yenyewe. Kata mvumo wa chini ya hezi 80, mara nyingi huwa ni upepo na injini za mbali. Kisha weka sauti tatu tu, zisiwe kumi na tatu. Anayeanza huwa na huruma na kila alichonasa, naye hupandanisha kwarara, kinu, adhana, vyura na pikipiki mpaka Mayoni ikawa soko la sauti lisilo na mlango. Watson aliacha saa kumi na tatu na zaidi. Wewe pia acha.

Mpangilio wa kipande cha mvua unaweza kwenda hivi, na unaweza kwenda vingine. Anza na redio ya AM peke yake, michakacho na nafasi kati yake, kwa dakika nzima, ngurumo zikikaribia. Lete upepo katika miwa mikavu, uukuze mpaka uwe karibu manyunyu. Hapo vijiti vya kumbikumbi viingie chini kwa chini, vikizidi kasi, na visikatwe mapema: dakika mbili kamili, ingawa mkono utakuwasha. Vijiti vikifika kasi ya mwisho vigeuke mafuta ya mandazi, na kibanda kifunguke na watu wake. Mvua ya kweli ije dakika ya saba tu, kwa tone moja kwenye sufuria, kisha la pili, kisha bati lote. Vyura wafunge. Vyura wa baada ya mvua wana nguvu kwenye spika ndogo kuliko karibu kila kitu kingine.

Spika ndogo: hapo ndipo kipande kitaishi au kufa. Unatunga kwa hedifoni nzuri, lakini utasikilizwa jikoni, kwenye redio ya betri inayotundikwa msumarini, au kwenye simu iliyo mfukoni mwa mwendesha boda boda. Spika ya namna hiyo haitoi karibu chochote chini ya hezi 200, kwa hiyo ule mngurumo mzito wa radi unaoupenda hautasikika. Kitakachosikika ni mpasuko wake wa mwanzo na mwangwi wa kati. Mara nyingi spika ni moja, na stereo yako itakunjwa kuwa mono. Geuza mwenyewe kuwa mono kabla ya stesheni kufanya hivyo, usikie ni nini kimetoweka. Na mitambo ya stesheni za FM hubana sauti: kilicho chini hupandishwa, kilicho juu hushushwa. Manyunyu yako ya upole yatafika nyumbani yakiwa na nguvu ya gharika. Ndiyo maana tofauti katika kipande cha redio isitegemee ukubwa wa sauti. Itegemee ukaribu, wingi na aina: tone moja la karibu dhidi ya bati zima la mbali, kikavu dhidi ya kilicholowa. Jaribu kila toleo kwa kuicheza simu ndani ya bakuli la plastiki huku mtu akiosha vyombo. Kikipita hapo, kimepita.

Kurusha ni suala la stesheni, kwa sababu masafa ya Kenya hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na kurusha bila leseni ni kosa. Eneo hili la nchi lina historia ya redio ya watu wenyewe. Homa Bay, mkabala wa ziwa, ilipata redio ya jamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, ikafungwa na serikali miaka miwili baadaye. Leo kuna stesheni za Kiluhya na za kaunti jirani ambazo zina saa za usiku zinazotafuta cha kujaza. Mwombe meneja dakika kumi na mbili, umpe kipande cha dakika kumi na maneno mawili ya utangulizi. Ukikataliwa, zipo stesheni za nje zinazopokea kazi za sauti za mazingira kutoka popote, kama Radiophrenia ya Glasgow, na kazi iliyosikika huko ni rahisi kuirudisha nyumbani.

Kabla ya siku ya kurushwa kuna mambo mawili ya kumweleza fundi wa stesheni. Mitambo mingi ina kifaa kinachohisi ukimya, na sauti ikishuka kwa sekunde chache huanzisha muziki wa akiba. Nafasi zako za sekunde tisa kati ya mchakacho na ngurumo zinaweza kuamsha wimbo wa injili katikati ya wingu. Mwombe akizime kwa dakika hizo kumi, au ujaze nafasi hizo kwa mvumo hafifu wa redio yenyewe, ambao kwa kipande hiki ni mzuri zaidi. La pili ni alama ya kufungulia. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwaita watu kwenye taarifa ya habari kwa ngoma za Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyepiga ngoma nyingi peke yake, na hadi leo aliyekulia enzi hiyo akizisikia hunyamaza. Msikilizaji asiyetarajia kusikia mvua redioni anahitaji kitu kama hicho, sekunde tano zinazomwambia kuwa redio haijaharibika. Vijiti vitatu juu ya gogo vinatosha.

Chagua pia saa. Usikubali saa kumi na moja jioni hata ukipewa bure, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ya mvua ya Mayoni, na chini ya mabati yanayopigwa hakuna redio ndogo inayosikika. Omba saa tatu usiku, wingu likiwa limekwisha kupita na gata bado linadondoka.